Q bila U

Tatu: Shikamooni wakubwa. Jamani nisaidieni kwenye Scrabble, nina herufi Q, A, A, T, L, N na D. U zote nne zimeshatoka na hakuna hata moja ninayoweza kuifikia kwenye ubao.

Shangazi Zawadi: Marahaba mwanangu. Itupe hiyo Q, chukua nyingine.

Baraka: Usiitupe! Da Tatu, herufi hiyo ni pointi 10.

Mjomba Hamisi: Naomba kuuliza. Anayecheza na Tatu si mimi? Na mimi si nimo humu humu?

Mama Tatu: 😂😂😂 Kaka, lala tu.

Mjomba Hamisi: Silali. Endeleeni, nasoma.

Tatu: Mjomba, kuuliza ukoo si dhambi. Tena nilishatafuta mwenyewe kwenye programu ya kutafutia maneno, nikaandika Q, ikanimwagia QUICK, EQUAL, QUEEN, SQUARE, hadi nikachoka. Yote yana U.

Baraka: Kwa sababu umeiuliza swali silo. Umeuliza "maneno yenye Q", ikakupa yenye Q. Unachotaka wewe ni maneno yanayotengenezeka kwa herufi zako saba tu. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, na programu nyingi zina sehemu mbili za kuandikia. Ya kwanza ni ya herufi ulizonazo, ya pili ni ya herufi ambazo lazima ziwemo. Weka zote saba kule kwa kwanza, Q peke yake kule kwa pili.

Tatu: Ngoja.

Tatu: Eh! QAT. QANAT. Na TALAQ.

Shangazi Zawadi: TALAQ?? Hiyo usiiweke mbele za watu, mwanangu.

Baraka: 😂 Inategemea mmekubaliana orodha gani ya maneno. TALAQ imo kwenye ya kamusi ya Collins. QAT na QANAT zimo kwenye Collins na kwenye ya Marekani pia. Kubalianeni kabla ya mchezo, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Mjomba Hamisi: Tunacheza Collins. Lakini mimi napinga jambo moja. Kuuliza watu, sawa. Kuuliza mashine katikati ya mchezo ni wizi.

Mama Tatu: Kaka naye! Juzi ulishika simu nusu saa kwa neno moja.

Mjomba Hamisi: Nilikuwa nafikiri.

Baraka: Mjomba ana hoja lakini. Kwenye mashindano mashine inakwambia tu neno linakubalika au halikubaliki, haikutafutii. Mimi natafuta mchezo ukiisha. Naandika herufi nilizokwama nazo, naona nilichokosa, kesho yake kimeshaingia kichwani.

Mjomba Hamisi: Hapo umenena. Nigel Richards, yule wa New Zealand, alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Alikariri orodha. Ndiyo maana mimi nimekariri RETINA. Ukiongeza S unapata RETAINS, NASTIER, STAINER, na vigae vyako vyote saba vya herufi vikitoka kwa mpigo mmoja unaongezewa pointi 50.

Shangazi Zawadi: Shemeji, wengine hatuna kichwa cha kubeba hayo. Mimi nina lile fumbo la neno la kila siku la herufi tano. Nimebakiza nafasi moja ya kubahatisha. Najua Y iko katikati, baada yake P. Basi.

Tatu: Herufi gani zimekataliwa?

Shangazi Zawadi: Irabu zote tano, H, S, na nyingine nimezisahau.

Baraka: Shangazi, lako ndilo swali la tatu sasa, la mahali. Andika alama ya kuuliza kwa kila herufi usiyoijua, hivi: ??YP? Usiandike tu "yenye Y na P", utaletewa hata HAPPY.

Shangazi Zawadi: Imenipa mengi ya ajabu ajabu, ila ninayoyajua ni CRYPT na GLYPH.

Tatu: H si imekataliwa?

Shangazi Zawadi: CRYPT! 💃🏾 Ahsanteni wanangu. Sasa huyo mtu alikosa nini mpaka akaweka neno lisilo na irabu?

Baraka: Yapo mengi tu. NYMPH, LYNX, MYTH, Y inashika kazi ya irabu. Na kwenye Scrabble yapo hata yasiyo na Y: PSST, HMM, CWM.

Mama Tatu: CWM ndiyo nini?

Baraka: Aina ya bonde. Limetoka Wales.

Mjomba Hamisi: Tatu, zamu yako imelala. Weka QANAT tuendelee.

Tatu: Mbona unaniharakisha, Mjomba?

Baraka: Da Tatu, tuma picha ya ubao.

Tatu: 📷

Baraka: Ahaa. Tazama SPIN na BIN zinapokutana kwenye N. I ya SPIN iko chini ya kisanduku kitupu, na I ya BIN iko kulia kwake. Kisanduku hicho hicho kinazidisha pointi za herufi mara tatu.

Tatu: Sioni.

Baraka: QI. Kuvuka na kushuka. Unaweka Q peke yake.

Tatu: 30 na 1 ni 31. Mara mbili...

Tatu: 62!!! Kwa kigae kimoja!

Mama Tatu: 😂😂 Kaka, sasa naelewa kwa nini ulimwambia aweke QANAT.

Mjomba Hamisi: QANAT ni neno zuri.

Shangazi Zawadi: La pointi 14, shemeji.

Tatu: Nimeshaiweka. Zamu yako Mjomba.

Mjomba Hamisi: Haya na mimi ni mwanaukoo, nisaidieni. Nina V mbili, C na I tatu. Neno la herufi mbili lenye V ni lipi?

Baraka: Halipo, Mjomba. Kwenye orodha zote mbili. C unayo CH peke yake, na hiyo ni kwa Collins.

Mjomba Hamisi: H sina.

Tatu: Badilisha basi, mfukoni bado mna zaidi ya saba. Unapoteza zamu tu 😇

Mjomba Hamisi: Nabadilisha. Na kesho picha ya ubao asitume mtu humu.