SAT (mtihani wa kuombea chuo) na ada ya watoto wa nje ya jimbo vyuo vya umma Marekani: tupeane uzoefu

Mama Neema, Houston
Wapendwa, msimu wa maombi ya vyuo ndio huu na binti yangu anamaliza sekondari. Hapa Texas, kwa sheria ya 1997, aliye katika asilimia 10 ya juu shuleni kwake anapokelewa vyuo vya umma bila maswali. Chuo Kikuu cha Texas cha Austin peke yao wameshusha hadi asilimia 5. Binti yumo, ila Austin wamerudisha SAT kuanzia walioingia 2025, hivyo bado anajisomea mtihani. Moyo wake uko California. Mliopitia huko, tuambieni.

Baba Oakland
Dada, kwa Chuo Kikuu cha California SAT iweke kando. Waliamua kuiacha 2020, na leo hata ukiituma hawaitazami katika kuchagua. Kinachouma ni ada: anayetoka nje ya jimbo anaongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Mpwa wangu alikuja kutoka Ohio akiamini akikaa kwangu mwaka mmoja atakuwa mkazi, alipe ada ya watoto wa jimbo. Wapi! Ukiwa chini ya miaka 24 wanaangalia wazazi wanaishi wapi, labda uthibitishe unajitegemea. Akarudi kwao akaanzia chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili).

Mama Wawili, North Carolina
Chuo Kikuu cha North Carolina cha Chapel Hill, wa nje ya jimbo hawazidi asilimia 18 ya wanaoanza, kanuni ya tangu 1986. Ndiyo maana hapa ukazi unapiganiwa. Mwanangu aliandikwa wa nje na chuo kimoja cha umma ingawa tulishapitisha miezi 12 ya kuishi jimboni inayotakiwa, kwa sababu mkataba wa nyumba ulikuwa na jina la shemeji. Nililia, jamani. Tukakata rufaa kwa hati za mshahara, fomu za kodi, leseni ya udereva na rekodi za shule. Ikakubaliwa. Wekeni mikataba kwa majina yenu mapema!

Mtoto wa Uvira
Jambo ndugu. Mimi nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Kiingereza kikiwa kidogo. SAT nilifanya bure, mshauri wa shule aliniombea msamaha wa ada ya mtihani. Hesabu zilikuwa nzuri, sehemu ya kusoma Kiingereza ikaniangusha. Nikaomba chuo cha jimbo letu kisicholazimisha mtihani, nikatuma matokeo ya darasani tu. Wakanipokea, kwa ada ya mkazi.

Mama Neema, Houston
Asanteni sana. Hiyo ya miaka 24 sikuijua, leo naongea na binti. Walioko Florida, ambako mtihani haukuachwa hata wakati wa korona, mlijiandaaje?