Mrejesho: kutembea kwa kasi, unga wa asidi amino na kipimo cha CRP

Ndugu zangu, miezi minne iliyopita niliuliza kama unga wa asidi amino, pamoja na kutembea kwa kasi, ungepunguza mchochota wa ndani unaoambatana na unene wangu, kwa kuwa kipimo cha CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na mchochota) kilikuwa miligramu 7 kwa lita. Nawashukuru mlionijibu, hasa aliyenitahadharisha nisipime nikiwa na mafua, kwani maambukizi nayo huipandisha CRP.

Daktari alinieleza kwamba mafuta ya tumboni hutoa kemikali kama interleukini-6, ambazo hulichochea ini kutengeneza CRP, na kwamba watu wanene wenye usugu wa insulini (yaani mwili hauiitikii vizuri homoni hiyo inayoshusha sukari) mara nyingi tayari wana asidi amino za leusini, isoleusini na valini nyingi katika damu. Basi nikauacha unga ule, ambao kwa kweli bei yake iliniumiza kuliko mazoezi. Nimekuwa nikitembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, yaani zile 150 ambazo Shirika la Afya Duniani huzitaja kuwa kiwango cha chini. Nimepungua kilo 5, na kipimo cha juzi kimesoma 4. Sidai kwamba ni mazoezi peke yake, kwani soda pia niliacha.