Kanga ya zawadi: je, jina lake ni ujumbe kwa anayepewa?

Mkwe wa Tanga:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi limeninyima raha kwa wiki mbili sasa. Nimezaliwa Iringa na nimeolewa Tanga, na mwezi huu nilitoka arobaini baada ya kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Siku hiyo wifi yangu mkubwa aliniletea doti ya kanga nzuri sana, yenye mji, yaani sehemu ya katikati, wa rangi ya machungwa uliojaa nakshi za korosho na pindo jeusi. Nikaikunjua palepale kwa furaha. Jirani aliyekuwa ameketi nami mkekani akalisoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kwa sauti, kisha akanyamaza na kuanza kukunja nepi ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Jina lenyewe ni "Usisafirie nyota ya mwenzio".

Kwetu tulinunua kanga kwa rangi na kwa uzito wa kitambaa. Mama alitubebea mgongoni kwa kanga, akajitanda kwa kanga msibani, akaviringa kata ya kujitwisha ndoo kwa kanga, na sikumbuki hata siku moja mtu akiuliza imeandikwa nini. Sasa najiuliza: je, wifi amenisema? Na kama amenisema, nyota ninayoisafiria ni ya nani, ya kaka yake? Naomba wenye uzoefu wanieleze kabla sijaharibu undugu kwa dhana.

Mama wa Mvita:

Hongera kwa kujifungua, mwanangu, Mungu amkuze. Huku Mombasa twaiita leso, na mwanamke aliyelelewa hapa hainunui bila kusoma jina, hata kama amependa rangi kiasi gani. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba maneno yale ni urembo tu.

Hata hivyo, tenga kuvaa na kupa. Anayetaka kumpiga mwenzake kijembe huivaa leso mwenyewe, tena huifunga kwa namna ambayo jina linakaa sawasawa nyuma, akapita nayo pale anapotaka isomwe. Nguvu ya fumbo hilo ni kwamba mwenyewe akiulizwa atajibu kuwa alipenda rangi, na hakuna atakayeweza kumshika neno. Katika nyumba niliyopanga zamani, mama mmoja aliyekuwa na ugomvi na mwenzake alianika nguo siku tatu mfululizo akiwa amejifunga "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", na katika siku zote hizo hawakutamkiana lolote. Ugomvi wote ulipita kwenye kitambaa. Sasa mtu anayekukabidhi leso mkononi, mbele ya wageni, siku ya arobaini yako, hana mahali pa kujifichia, na ndiyo maana mimi naona si kijembe. Ila niambie kitu kimoja: alikupa doti ikiwa imeshikana, au alikuwa ameikata na kuipiga pindo?

Muuzaji wa Kariakoo:

Nimeuza kanga kwa miaka 18, na kwa heshima zote napenda kutofautiana kidogo na mama hapo juu. Wanunuzi wanaosoma jina ni wengi, lakini wasiosoma pia ni wengi, hasa wanaume na hasa siku za kuelekea sikukuu, kwa sababu doti huwa zimekunjwa na kupangwa moja juu ya nyingine, na macho hupokea rangi kwanza. Mwanamume mmoja alimnunulia mkewe doti iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati", na kesho yake mke mwenyewe ndiye aliyekuja kuibadilisha, akiwa amekasirika kwelikweli. Yule bwana hakuwa ameikunjua hata kidogo.

Isitoshe, nakshi ileile naweza kuipokea mwezi huu ikiwa na jina la dua na baadaye ikaja na jina la mafumbo. Mteja aliyeipenda kwa jirani huja akiitaka ile ya korosho za machungwa, nami humpa iliyopo. Kabla ya kumhukumu wifi yako, fikiria pia uwezekano huo.

Babu wa Ng'ambo, Unguja:

Nimesoma maoni yote kwa makini, na ningependa kuongeza kuhusu jina lenyewe. Kanga ilianza kuvaliwa katika pwani yetu karne ya 19 bila maneno, na hata maneno yalipoanza kuandikwa, kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kisutu, ambayo ndiyo kanga ya bibi harusi, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa desturi haina jina mpaka leo, na hakuna anayeiona imepungukiwa.

Lililo muhimu ni kwamba jina husomwa na kila anayepita, na kila mmoja hulichukua kwa hali yake. Mwaka 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, ilitoka kanga yenye picha yake na jina "Upendo na amani ametujalia Mungu", na maneno hayo yangeweza kuvaliwa harusini bila kubadilisha herufi. Vivyo hivyo, "Usisafirie nyota ya mwenzio" si lazima iwe lawama. Sisi tulifundishwa kuwa maana yake ni kwamba kila mja ana riziki yake, kwa hiyo usipime safari yako kwa safari ya mwingine. Mzazi wa mtoto wa kwanza, ambaye kila anayeingia humweleza jinsi mtoto wa fulani alivyotambaa mapema, anahitaji sana kuambiwa hivyo.

Mkwe wa Tanga:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Mama wa Mvita, swali lako lilinifanya niitoe tena sandukuni na kuitazama upya. Ilikuwa imekatwa, na pande zote mbili zimepigwa pindo kwa mkono, kwa sindano ndogondogo zilizonyooka. Ina maana aliishika muda mrefu, na jina alilijua.

Jumapili nilijifunga upande mmoja, wa pili nikambebea mtoto, nikaenda kwake. Aliponiona mlangoni alicheka, akasema rangi imenikubali, kisha akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa yake, korosho zilezile, pindo lilelile jeusi, jina lilelile. Alikuwa amenunua doti mbili ili tuwe sare, na yake alikuwa hajaivaa, akisubiri yangu itoke kwanza. Kuhusu maneno hatukuzungumza. Tulimenya mihogo ya futari, mtoto akalala mgongoni kwake.