Mahakama imemwachia huru. Je, bado tunaweza kusema ana hatia?

Mtoa mada

Mtu kashtakiwa kwa mauaji, kesi imeunguruma, mwishoni jaji kamwachia huru. Mtaani bado anaitwa muuaji. Wapo wanaosema huko ni kumkashifu, kwa kuwa mahakama imeshasema hakuua. Wengine wanasema jaji hakuwepo usiku ule, hivyo neno lake si la mwisho. Mimi naona wote wanaanzia pabaya. Mahakama haikusema hakuua. Imesema waliomshtaki wameshindwa kuthibitisha kwamba aliua. Tubishane kuanzia hapo, na tubishane kwa hoja.

Wa utetezi

Mwanzo mzuri, ila umeishia njiani. Kisheria hatia ina vipande, na kila kipande kinadai ushahidi wake. Chukua wizi wa kawaida, kama unavyoelezwa kwenye sheria nyingi: kitu kimechukuliwa, ni mali ya mtu mwingine, mwenyewe hakuridhia, mchukuaji alijua hana haki nacho, na alikusudia mwenyewe asikipate tena. Vinne vikithibitika na cha tano kikaning'inia, hakuna wizi. Abiria anayeshuka na begi la mwenzake akidhani ni lake amefanya kila afanyalo mwizi, isipokuwa nia hana. Mtaani watasema "kakutwa nalo, mnataka nini tena?" Kukutwa nalo ni kipande kimoja tu.

Halafu kuna swali la nani anabeba mzigo. Uingereza, mwaka 1935, kwenye kesi ya Woolmington, hakuna aliyebisha kwamba mke aliuawa kwa risasi ya bunduki aliyoishika mume. Mume alidai ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliwaambia wazee wa baraza (raia ambao kule ndio wanaoamua kama mtu ana hatia) kwamba kifo kikishathibitika, ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Mahakama ya juu kabisa ilikataa na kufuta hukumu: nia nayo ni ya upande wa mashtaka kuithibitisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amefyatua risasi, kila mtu akajua amefyatua, na hatia ya mauaji isiwepo. Msemao "tunajua alifanya", mnajua nini hasa?

Wa mashtaka

Wa utetezi anachagua mifano mitamu. Kesi nyingi hazianguki kwa sababu ya nia, zinaanguka kwa utambuzi na vielelezo. Shahidi anasema alimwona mshtakiwa usiku. Mahakama itauliza: mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani? Umbali? Alimtazama kwa muda gani? Walifahamiana kabla? Alipofika polisi mara ya kwanza, alitaja jina au wajihi, au alikuja kulitaja baada ya mtu kukamatwa? Mengi ya hayo yasipojibiwa, ushahidi wake unawekwa kando hata kama shahidi ni mkweli kabisa. Mkweli anaweza kumfananisha mtu.

Sasa mshtakiwa huyo akiachiwa, shahidi alazimike kujisemea kwamba hakuona alichokiona? Hapana. Hukumu inaifunga dola: isimfunge, isimnyang'anye mali kwa kosa hilo, na kwa kawaida isimshtaki tena kwa kosa lilelile. Fikra za jirani haizifungi. Hata mahakama zenyewe zinaweza kufikia uamuzi tofauti kwa tukio lilelile. O. J. Simpson, mwanamichezo maarufu aliyeshtakiwa kwa kumuua mkewe wa zamani na mwanamume mwingine, aliachiwa huru kwenye kesi ya jinai Marekani mwaka 1995, na mwaka 1997 kesi ya madai ikamwona anawajibika kwa vifo vilevile na kumtaka alipe fidia. Hapakuwa na mgongano. Jinai inadai kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Madai inatosha mzani uelemee upande mmoja.

Msomaji

Ndiyo maana watu wanasema "ameachiwa kwa kasoro za kiufundi tu."

Wa utetezi

Hiyo "tu" ndiyo inayoniudhi. Pakiti ya unga imekamatwa, imepita kwa mkamataji, mtunza stoo, dereva na mkemia, na mahali pamoja hakuna hati ya makabidhiano wala muhuri. Ripoti ya maabara inasema ni heroini. Sawa, lakini pakiti iliyopimwa ndiyo iliyokamatwa? Hakuna anayejua. Mnyororo wa utunzaji ukikatika hapo, kilichokatika ni ushahidi wenyewe.

Wa mashtaka

Hapo nakubali. Sikubali kwamba kila kasoro ni ya aina hiyo. Kuna hati za mashtaka zinazoanguka kwa kunukuu kifungu kisicho sahihi cha sheria, na ushahidi uko palepale, mzima.

Meza ya habari

Nyie mnabishania hukumu, na uharibifu huanza siku ya kwanza ya kukamatwa. Mtu akiwa polisi ni mtuhumiwa. Akisomewa shtaka ni mshtakiwa. Akihukumiwa ndipo anaitwa aliyetiwa hatiani. Makosa yanayojirudia ni kichwa cha habari kinachosema "Muuaji apandishwa kizimbani", kisha "anadaiwa" moja inapachikwa aya ya tatu kama kafara. Afisa akitamka mbele ya kamera kwamba "tumemkamata mhusika", ninukuu tamko kwa jina la cheo chake, nisiligeuze kuwa sentensi yangu. Maafisa nao wana mpaka: Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kesi ya Allenet de Ribemont dhidi ya Ufaransa, 1995, iliona haki ya kudhaniwa hana hatia ilivunjwa pale maafisa wa juu wa polisi walipomtangaza mtu hadharani kuwa mchochezi wa mauaji kabla ya mahakama kusema lolote.

Jambo la pili ni kutenganisha njia za kutoka. "Ameachiwa" inaweza kuwa hana kesi ya kujibu, au alijitetea akashinda, au shtaka limeondolewa (hapa mara nyingi anaweza kushtakiwa upya), au rufaa imefuta hukumu. Anayeandika neno moja kwa yote manne hajasoma ukurasa wa mwisho wa hukumu.

Mwalimu wa maadili

Mmeusahau upande wa pili: hatia isiyo na mahakama. Dereva anaendesha kwa mwendo halali, breki nzima, mtoto anachomoka ghafla na kugongwa. Hakuna uzembe, hakuna kosa. Dereva huyo ataibeba maisha yake yote na hatutamwona mjinga kwa kuibeba. Upande mwingine, muuza dawa zilizoisha muda anaweza kutiwa hatiani bila kujua zilikuwa rafuni, maana makosa ya aina hiyo mara nyingi hayaulizi nia. Mmoja ana uzito moyoni bila kosa, mwingine ana kosa bila ubaya.

Wa utetezi

Na kuna anayekiri asilolitenda ili atoke mahabusu. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, iliweka hatua: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, majibu yaandikwe kwa maneno yake, maelezo ya tukio yasomwe, aulizwe kama anayakubali. Akisema "ndiyo nilimpiga, lakini alinianza", hakukiri. Hakimu anaandika amekana.

Msomaji

Basi kwa nini tusiwe na hukumu ya tatu, ya "haikuthibitika"? Ingemaliza ubishi wote huu.

Wa mashtaka

Uskoti walikuwa nayo kwa karne kadhaa. Tokeo lake kisheria lilikuwa lilelile la kuachiwa huru, haikuwa na maana iliyoandikwa kwenye sheria, na wazee wa baraza hawakuelezwa inatofautiana vipi na "hana hatia". Mshtakiwa alitoka na doa, familia ya marehemu ikatoka bila jibu. Mwaka 2025 Bunge lao lilipiga kura kuifuta.

Mtoa mada

Kwa hiyo jirani aseme nini?

Wa mashtaka

Aseme "alishtakiwa, akaachiwa, na mimi bado nina mashaka." Akisema "ni muuaji" na kupelekwa mahakamani kwa kashfa, katika nchi nyingi mzigo unamhamia yeye: athibitishe kwamba ni kweli.