Vinasa sauti ofisini, Moi Avenue

Wadau, siri za zabuni zinavuja kutoka chumba cha mikutano. Kigunduzi cha mawimbi cha bei rahisi kitatosha?

— Hakitoshi, ndugu. Kinasa chenye laini ya simu hutuma kwa vipindi, mara nyingi kwenye masafa ya 900 au 1800 MHz, kikinyamaza hukipati. Tena hapo mjini simu za majirani zitakifanya kigunduzi hicho kipige kelele bure. Mtaalamu huja na kigunduzi cha semikondakta (vijenzi vya ndani ya vifaa vya elektroniki), kinachoona hata saketi, yaani mzunguko wa umeme wa kifaa, iliyozimwa.

— Ila huku pwani misumari yenye kutu hukidanganya kigunduzi hicho cha semikondakta. Gonga ukuta: ishara ya kutu huyumba, ya saketi hutulia.

— Anzeni na soketi na ekstensheni, humo kinasa hupata umeme, hakihitaji betri. Redio iongee mkikagua, maana vinasa vingine huamshwa na sauti. Na mtaalamu usimpigie ukiwa chumbani humo!