Tupeane uzoefu: gharama na kuendesha gari ukiwa mgeni Uswidi, Norwe na Denmaki

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Nimerudi juzi baada ya wiki tano Stockholm kwa dada yangu. Kabla sijaondoka nilitafuta maelezo kwa Kiswahili nikaambulia mambo ya viza tu: zile siku 90 za kukaa ndani ya kila siku 180, na bima ya safari yenye fidia ya kuanzia euro 30,000. Ukishafika maisha yanakwendaje, sikuona. Waliowahi kwenda au wanaoishi huko tumwage yote hapa, maana ndugu zetu wanasafiri kila mwaka na wanaumia kwa mambo yaleyale.

Naanza. Mimi nina miaka 14 kwenye usukani, lakini siku ya kwanza nilitoka jasho. Gari usukani uko kushoto, na kila nikitaka kuwasha indiketa, waipa ndizo zinaanza kufagia kioo kikavu, kwa sababu mkono umezoea gari zetu za Kijapani. Kwenye kipilefti shemeji alinikalia pembeni akirudia, "Zungukia kulia, zungukia kulia." Nilitulia siku ya nne hivi.

Kilichoniuma ni maegesho. Nililaza gari mtaa wa nyuma Jumatano jioni, nikaona kibao cha P, nikalipia kwa simu, nikalala. Asubuhi karatasi imebanwa kwenye kioo: zaidi ya krona 900, laki mbili na kitu za kwetu. Kumbe kulikuwa na kibao kingine mwanzoni mwa mtaa kinakataza kuegesha Alhamisi kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa ajili ya usafi wa barabara. Kila mtaa una usiku wake. Dada akanifundisha pia kusoma saa za vibao vyao: namba nyeusi ni siku za kazi, zilizo kwenye mabano ni Jumamosi na siku ya kuamkia sikukuu, nyekundu ni Jumapili na sikukuu. Hili peke yake lingeniokolea hela ya chakula cha wiki nzima.

Mdau wa Oslo

Asante mkuu kwa uzi huu. Niko Norwe mwaka wa tisa na kila kiangazi napokea wageni.

Kitu cha kwanza ninachowaambia ni tozo za barabara. Hapa hakuna kibanda wala mtu wa kumpa hela. Unapita chini ya kamera kwa mwendo wako, inasoma namba, basi. Mgeni anadhani barabara ni bure. Mama yangu mdogo alikodi gari siku kumi, tukaenda hadi Bergen na kurudi. Karibu miezi miwili baadaye kadi yake ikakatwa: tozo za Oslo, tozo za njiani, feri mbili, na juu yake ada ya ofisi ya kampuni aliyokodi. Ada hiyo ilikuwa kwenye mkataba, ukurasa wa nne. Hakuna aliyemwonesha wakati anasaini, na mimi niliyesimama pale sikuuliza. Ulizeni kaunta: "Tozo mnakata vipi, na ada yenu ni kiasi gani?"

La pili, gari likitokea kulia kwako kwenye njia panda isiyo na kibao, mpishe, hata kama wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Spidi nje ya mji ni 80 isipokuwa kibao kiseme vingine, na faini ya kuzidisha kidogo tu ni maelfu ya krone. Pombe usiguse kabisa, kiwango cha mwisho kwenye damu ni 0.2 kwa elfu.

Lakini gari Norwe lina thamani yake, nasema kwa moyo wote. Njia ya Bergen tulipita handaki la Lærdal, kilomita 24 na nusu ndani ya mwamba. Katikati wamechimba kumbi tatu pana zenye taa za buluu ili dereva asisinzie. Mama mdogo aliacha kuongea, akashika tasbihi yake mpaka tulipotokea upande wa pili.

Chakula tunanunua Rema 1000 au Kiwi, mboga na viungo mtaa wa Grønland hapa Oslo. Barabarani tunabeba mkate wetu na chai kwenye chupa. Msione haya, Wanorwe wenyewe hufungasha mikate yao kila siku.

Mdau wa Göteborg (Mkenya)

Hamjambo nyote. Kwa Uswidi, kuleni mchana, si jioni. Kuna kitu kinaitwa dagens lunch, siku za kazi: krona kati ya 120 na 150 hivi, na ndani yake mkate, saladi na kahawa. Hotelini humo humo, chakula cha jioni kinaweza kuwa mara mbili.

Pesa taslimu wacheni. Nilimpeleka shangazi sokoni na noti zake nzuri, maduka matatu wakakataa. Watu hapa hulipana kwa Swish, ile ya kutumiana pesa kwa simu, lakini mgeni hawezi kujiunga bila akaunti ya benki ya hapa. Kadi ndiyo tegemeo, na uje na mbili, moja ikikwama. Pia kumbukeni kila nchi ina sarafu yake, euro si pesa ya hizi tatu.

Maji ya bomba ni salama, msinunue ya chupa. Mkinunua soda, rudisheni chupa na mikebe kwenye mashine ya duka. Mnalipia kontena juu ya bei na pesa hiyo ni yenu. Shangazi alikusanya za mwezi, akanunulia kahawa ya kubeba nyumbani.

Mdau wa Malmö

Mimi naendesha lori. Copenhagen msiende na gari. Tozo ya daraja la Øresund, la kutoka hapa Malmö kuingia Denmaki, ni kubwa, na treni inafika chini ya saa moja. Ukilazimika, ukikata kona kulia angalia baiskeli kwanza, zina njia yake na zinakuja kasi. Usikate mpaka uangalie kioo na kugeuza kichwa. Na sehemu nyingi za Denmaki maegesho ni bure kwa muda, ila lazima uweke ile saa ya karatasi kioo cha mbele ikionesha ulipofika.

Alfajiri na magharibi punguzeni mwendo misituni Uswidi. Yule älg, mnyama wa porini wa huku, ni mkubwa kama pofu, ana miguu mirefu, ukimgonga mwili unakuja juu ya kioo. Ukigonga, piga 112 na uweke alama mahali pale, ni sheria.

Mleta mada

Shukrani sana wakuu. Jirani wa dada, bibi wa miaka themanini na kitu, aliniambia nao walikuwa wakiendesha kushoto kama sisi hadi tarehe 3 Septemba 1967, wakahamia kulia saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima kwa pamoja. Anasema alisimama dirishani kuangalia.

Swali: mdogo wangu anakwenda Oslo Desemba na watoto wawili. Akodi gari?

Mdau wa Oslo

Desemba hapana. Giza linaingia saa tisa alasiri na barabara ni barafu. Treni na basi vinatosha, na hela ya gari anunue viatu vizuri vya watoto. Aniandikie kabla hajaja, jaketi za kuazima ninazo.