Mrejesho: ile NV12 iliyokuwa ikitoka 21VN

Habari zenu wakuu. Niliuliza kwa nini draiva yangu ya kamera kwenye Linux inaandika NV12 (msimbo wa herufi nne unaotaja umbizo la picha, unaohifadhiwa kama namba moja) sawasawa kwenye logi ya mashine moja, lakini nyingine inaandika 21VN. Limeisha, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nachukua anwani ya namba ya biti 32 na kuichapisha kwa %.4s, kana kwamba ni maneno. NV12 ni 0x3231564e: N, yaani 4e, ndiyo baiti ya chini kabisa. Mashine inayotanguliza baiti ndogo kwenye kumbukumbu inasoma vizuri. Inayotanguliza kubwa inasoma kinyumenyume. Namba yenyewe haikuwahi kuharibika, na hapo ndipo nilipopoteza siku mbili nikiikagua.

Sasa natumia %p4cc, alama ya printk ya kernel ya kuchapisha misimbo ya aina hii, nikiipa pointa ya u32 (yaani anwani ya ile namba ya biti 32), si thamani yenyewe (mara ya kwanza nilisahau alama ya &). Inatoa hivi:

NV12 little-endian (0x3231564e)

Hayo maneno ya mpangilio wa baiti, "little-endian" (ndogo kwanza), yanatokana na biti ya 31 ya msimbo, hayaielezi mashine yako. Aliyenishauri nichapishe kwanza kwa %08x (namba yenyewe kwa heksadesimali), asante sana, ndiyo iliyonifungua macho.